Futari wa Pretty Cure: Mikono Isiposhikana, Hakuna Nguvu

Kwa mtazamaji anayetafuta katuni ya Kijapani yenye wasichana wa nguvu za ajabu lakini isiyojaa majonzi, Futari wa Pretty Cure, iliyotengenezwa na Toei Animation na kuanza kurushwa mwaka 2004, ingali chaguo zuri, ijapokuwa sehemu zake 49 zinahitaji uvumilivu. Nagisa Misumi ni mchezaji hodari wa lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, na hapendi vitabu. Honoka Yukishiro, anayeishi na bibi yake, ni mpenzi wa sayansi. Wanasoma darasa moja bila kuzoeana, hadi Mepple na Mipple, viumbe wawili wadogo kutoka ulimwengu mwingine, wanapowatwisha vita visivyowahusu.

Sharti la vita hivyo ndilo linaloubeba mfululizo mzima: hawawezi kugeuka kuwa mashujaa mpaka washikane mikono, kwa hiyo wakigombana wote wawili hubaki wanafunzi wa kawaida mbele ya adui. Sehemu ya 8 inalitumia sharti hilo kwa ustadi mkubwa. Honoka, kwa nia njema kabisa, anamkutanisha Nagisa na Fujimura, kijana ambaye Nagisa anampenda kimoyomoyo. Nagisa anaona haya, anafoka, na kumwambia mwenzake kwamba wao si marafiki hata kidogo. Wanapatana baada ya kila mmoja kusoma daftari la mwenzake na kukuta humo mambo ambayo hayakuwahi kusemwa ana kwa ana, na ni hapo tu wanapoacha kuitana kwa majina ya ukoo kama watu wasiozoeana.

Mwongozaji Daisuke Nishio aliwahi kuongoza Dragon Ball Z, katuni ya mapigano, na mkono wake unaonekana, kwani mabinti hawa hurusha ngumi na mateke ya kweli. Ucheshi nao haupotei: mazimwi ya Zakenna yakishindwa husambaratika kuwa vinyota vinavyotimka huku vikiomba radhi.

Kasoro yake ni marudio. Picha za kugeuka ni zilezile, pigo la mwisho ni lilelile, na Mepple ana kelele zinazochosha (binafsi ningemfungia kabatini). Kisa cha Kiriya, mwanafunzi mwenye siri nzito, ndicho kinachovunja mazoea hayo vizuri zaidi. Nchini Japani mfululizo huu ulirushwa mara moja kwa wiki, Jumapili asubuhi, na kwa mwendo huohuo marudio yake hayakeri sana.