Kliniki ya masikio, halafu majina wanaita kwa mdomo!

Nani alikaa akaona inafaa kliniki ya masikio iite wagonjwa kwa mdomo? Tumejaa kwenye mabenchi, huyu kaziba pamba, yule kafungwa bandeji kichwa kizima, nesi anachungulia mlangoni, anataja jina kwa sauti ya chini, anarudi ndani. Hukusikia? Faili lako linakwenda chini ya rundo.

Sikio langu la kushoto limetoa usaha tangu shule ya msingi. Nimetiliwa mafuta ya nazi ya moto, maziwa ya mama, matone ya kila duka la dawa. Linakauka, linaanza tena, na harufu juu. Juzijuzi nikapigwa siti skani: ngoma imetoboka, na ndani kuna kolesteatoma, yaani ngozi iliyoota pasipo pake, inakula mfupa taratibu. Hiyo haiishi kwa dawa, ni kupasuliwa.

Daktari, Mungu ampe maisha marefu. Alinichorea kwenye karatasi: wanapitia nyuma ya sikio, wanachimba mfupa hadi uozo uishe, kisha wanatengeneza ngoma mpya kwa utando wa msuli wa hapo hapo juu ya sikio. Hakunificha kwamba neva ya uso, mshipa wa fahamu unaochezesha uso na mdomo, inapita jirani, wala kwamba usikivu huenda usirudi. Cha kwanza sikio likauke. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi nilikenua meno kwenye kioo cha simu nione kama mdomo umekwenda upande. Wapi, umenyooka! Ulimi tu ndio ulionja bati kwa muda, na hilo alishaniambia.

Ningeishia hapo ningewapa nyota zote. Siku ya kutolewa pamba za ndani nimekaa toka asubuhi, waliokuja nyuma yangu wanaingia na kutoka. Nikaenda dirishani kuuliza kwa upole. Dada hata macho hakuinua kwenye simu: "Tumekuita sana. Kwani wewe kiziwi?"

Benchi likacheka, wale waliosikia. Ndiyo dada, upande huu ni kiziwi, kipimo chenu wenyewe kimeandika, kiko kwenye faili ulilolilalia! Nikaambiwa nirudi wiki inayofuata, pamba zinanuka kichwani.

Nilitaka kuwaambia msikanyage pale. Lakini sikio limekauka, jamani. Na kolesteatoma ikiachwa inaweza kufika hadi kwenye ubongo, siwezi kumwambia mtu abaki nyumbani na mafuta yake ya nazi kwa sababu ya mdomo wa yule dada. Nendeni. Ila daktari huyo akihamia kwingine, namfuata kesho yake.

Ukifika, kaa benchi la mbele, sikio zima lielekee mlangoni. Mimi huenda nikafunguliwa tena kuangalia kama ile ngozi haijaota upya, na safari hiyo nakwenda na shemeji yenu. Yule anasikia hata nisichosema, na dirishani atajibu yeye.