Vasari wa mtumba pale Posta, ukikiona chukua

Jamani kama unapenda sanaa pitia kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, mimi nimepata Maisha ya Wasanii cha Vasari, toleo la Kiingereza lililofupishwa, elfu kumi baada ya kuvutana bei, na hela yangu imeenda kihalali kabisa. Vasari mwenyewe alikuwa mchoraji na msanifu majengo, akakitoa Florence, Italia, 1550 halafu 1568 akakirudia kikiwa kinene zaidi, kwahiyo unasoma fundi anawaongelea mafundi wenzie.

Stori ya Giotto, mchoraji wa Italia aliyemtangulia, ndo imeniua, mjumbe wa Papa kaja kuomba sampuli ya kazi, jamaa kachovya brashi kwenye rangi nyekundu, kabana mkono ubavuni, kazungusha mara moja duara limetoka safi bila bikari, mjumbe akadhani anataniwa! Wasomi wanasema stori nyingi kazitia chumvi, na Florence kaipendelea waziwazi, sawa, ila anapoeleza kwanini mchoro, yaani kuchora kwa mistari, ndo baba wa uchoraji, uchongaji na usanifu majengo utamuelewa tu.

Kasoro: picha chache na zimefifia, weka simu karibu uzitafute mtandaoni. Gundi imekauka, kurasa zinachomoka.

Ukitaka nadharia zaidi ya stori, ulizia kitabu cha Alberti, msanifu majengo wa Italia, cha 1435 kuhusu uchoraji, kinafundisha jinsi ya kuonyesha umbali kwenye picha kwa hesabu. Wauzaji wenyewe wako vizuri, ukimuachia mmoja namba yako ya simu anakutafutia kitabu.