Amazing Fantasy Namba 15: Kati ya Matoleo Manne, Lipi Linastahili Pesa Yako?

Habari za wakati huu watazamaji, karibuni mezani. Leo tuna jarida moja tu la katuni la Kimarekani: Amazing Fantasy namba 15, la Agosti 1962, ambamo Spider-Man alionekana kwa mara ya kwanza. Hadithi ile ya kurasa 11 leo unaweza kuipata katika sura nne. Kuna jarida lenyewe la 1962, kuna toleo nene la marudio la 1964, kuna fasimili ya siku hizi, yaani nakala iliyochapwa upya kuiga ya asili, na kuna lile pande la kitabu lenye jalada gumu. Wengi hukimbilia pande la kitabu kwa sababu linapendeza rafuni. Mimi naliweka la mwisho, na sababu yake ni karatasi.

Tukijue kwanza kitu chenyewe. Bei senti 12, kurasa 32 za ndani, jalada lenye mng'ao kidogo, pini mbili mgongoni. Upana sentimita 18 hivi, urefu 26. Ndani mna hadithi nne, zote zimechorwa na Steve Ditko. Ya Spider-Man ina kurasa 11, halafu tatu fupi za kurasa 5, 3 na 5, za mambo ya ajabu na watu wa Mirihi. Jumla michoro ni kurasa 24, zilizobaki ni matangazo na neno la mhariri. Maneno ni ya Stan Lee. Jalada alilichora Jack Kirby na Ditko akalipitishia wino, baada ya jalada la kwanza la Ditko mwenyewe kukataliwa.

Hapo kwenye kurasa 24 niongeze jambo litakalokuokoa na matapeli. Michoro ya awali ya kurasa zote 24, ile ya kalamu na wino juu ya karatasi ngumu, ipo Maktaba ya Bunge la Marekani tangu 2008. Aliyeitoa zawadi hakutaka jina lake litajwe. Basi mtu akikuletea "ukurasa halisi wa Ditko kutoka namba 15", mshukuru kwa salamu uendelee na shughuli zako.

Na msidhani jarida hili lilizaliwa likiwa tajiri. Lilikuwa linakata roho. Namba 1 hadi 6 liliitwa Amazing Adventures, 7 hadi 14 likaitwa Amazing Adult Fantasy, namba 15 likapunguzwa neno moja kisha likafungwa. Spider-Man alipata jarida lake mwenyewe Machi 1963.

Sasa karatasi. Sogeza kamera hapa karibu, tazameni uso wa Peter Parker, yule kijana ambaye ndiye Spider-Man. Mnaviona vile vitone? Kurasa za ndani zilichapwa kwa wino wa aina nne: njano, waridi iliyokolea, samawati, na nyeusi ya mistari. Kila moja ya zile rangi tatu iliweza kuwekwa kwa viwango vinne tu: isiwepo kabisa, robo, nusu, au kamili. Nne mara nne mara nne, 64. Mpaka rangi hakuwa na zaidi ya hapo. Na robo haikuwa wino uliotiwa maji. Ilikuwa vitone vyenye nafasi kati yao, jicho lako ndilo linalovichanganya. Rangi ya ngozi, kwa mfano, ni vitone vya waridi vikiwa pamoja na vya njano.

Karatasi yenyewe ni ya gazeti, imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa. Inakunywa wino. Kitone kikitua kinatanuka kidogo, na ule "weupe" wa karatasi una ukijivu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo rangi zote zinapoa. Wapaka rangi wa enzi hizo, akina Stan Goldberg pale Marvel, wachapishaji wa jarida hili, walichagua rangi kali wakijua zitapozwa. Teknolojia yenyewe ilikuwa na ukaidi wake pia. Hulk, shujaa mwingine wa Marvel, alipotoka Mei 1962 alikuwa wa kijivu, na mitambo ikashindwa kukishika kijivu kile: ukurasa mmoja kimekolea, unaofuata kimefifia. Toleo la pili Hulk akawa kijani, na kijani amebaki.

Chukua sasa maelekezo yaleyale ya rangi, uyachape kwa kompyuta kwenye karatasi nyeupe pe inayong'aa. Njano inakuwa njano ya kizibao cha bodaboda. Vitone vimeondoka, pamebaki bapa la rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mistari ya Ditko, ambayo ni myembamba na yenye woga fulani ndani yake, inazamishwa na rangi. Hilo ndilo tatizo langu na kitabu cha jalada gumu. Isitoshe matangazo yameondolewa, kwa hiyo ule mwendo wa kusoma, kukatizwa na tangazo, kisha kurudi kwenye hadithi, haupo. Haki yake nayo nikipe: kile kikubwa kabisa, Omnibus ya kwanza, kina kurasa zaidi ya 1,000, ndani yake namba 15 pamoja na Amazing Spider-Man 1 hadi 38, yaani kazi yote ya Ditko kwa mhusika huyu. Ukigawa bei kwa kurasa, hakuna kinachokishinda. Kisomee mezani tu, maana ukikishika kitandani kitakuvunja mikono. Programu za kusomea kwenye simu nazo zina rangi hizohizo na hazina matangazo, kwa hiyo hukumu ni ileile.

Fasimili ni hatua moja mbele. Hii imerudisha jarida zima: jalada, hadithi zote nne, matangazo, hata neno la mhariri. Ukubwa umepungua kidogo, upana kama sentimita 17. Karatasi bado ni nyeupe mno na rangi ni zile zilizosafishwa, ila ukiwa na pesa kidogo na unataka kuona msomaji wa 1962 alikuwa anafungua nini, hii inatosha. Itumie bila huruma, mpe mtoto asome.

Chaguo langu, ambalo watu wengi hawalijui, ni hili: Marvel Tales Annual namba 1, la 1964, senti 25, kurasa 72. Ni toleo la marudio lililokusanya asili za mashujaa kadhaa, na ya Spider-Man imo. Kwa nini nalipenda? Kwa sababu lilichapwa miaka miwili tu baada ya jarida la asili, kwa karatasi ileile ya gazeti, wino uleule, vitone vilevile. Macho yako yanapata kitu kilekile kwa sehemu ndogo sana ya bei. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, kurasa 72 hazikuwatosha mashujaa wote, kwa hiyo baadhi ya hadithi za wengine zimekatwa. Pili, matoleo manene ya enzi hizo mengi yana mgongo bapa wa gundi, na gundi ya miaka sitini imekauka. Usilifungue hadi lilale bapa. Fungua kwa pembe ya nyuzi 90, shika kwa chini, vinginevyo utasikia "krak" na kurasa za katikati zitaanza kutoka moja moja.

Haya, wenye mifuko mirefu. Jarida halisi. Septemba 2021 nakala moja ya daraja 9.6 kati ya 10 ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 3.6. Hata iliyochanika inakwenda kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana ukaguzi wake hauna mzaha.

Kagua kingo za jalada upande wa kulia kwanza. Majarida ya Marvel ya mwisho wa miaka ya 50 na mwanzo wa 60 yana ugonjwa wake: visu vya kukatia pale kiwandani vilikuwa butu, kwa hiyo jalada likamegekamegeka ukingoni kabla hata halijafika dukani. Ukiona vimeguko vidogo hapo, usishtuke. Ukiona ukingo umenyooka kama wa jana, toa rula. Kuna watu hukata milimita mbili tatu kuondoa vimeguko ili nakala ionekane safi, na upana ukipungua thamani inaporomoka.

Geukia wino. Majalada yenye sehemu kubwa nyeusi au nyekundu hupakwa kalamu ya wino pale rangi ilipovunjika, hasa mgongoni. Tazama upande wa ndani wa jalada, mkabala na mahali hapo: wino wa kalamu hupenya na kuacha kivuli. Kisha chukua tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Karatasi ya gazeti ya 1962 inabaki na giza. Karatasi ya siku hizi ina dawa ya kung'arisha, inawaka bluu. Ukurasa mmoja ukiwaka na mingine isiwake, umepandikizwa. Kioo cha kukuza mara 10 nacho kinaonyesha vitone vikubwa vilivyopangika kwa safu. Ukiona ukungu wa nukta nukta zisizo na safu, hiyo ni printa ya ofisini.

Hesabu kurasa zote, moja baada ya nyingine. Watoto wa enzi hizo walikata kuponi za matangazo wakaagiza vitu kwa posta, na nyuma ya kuponi mara nyingi kuna sehemu ya hadithi. Muuzaji atakuonyesha jalada na ukurasa wa kwanza, na shimo liko katikati. Omba picha ya kila ukurasa na picha ya pini za katikati.

Nakala isiyo na theluthi ya juu ya jalada si ajali. Wauza magazeti walirudisha kipande chenye jina la jarida ili warudishiwe pesa ya nakala ambazo hazikuuzwa, kisha wengine wakaliuza jarida lililobaki kwa bei ya chee.

Bei iliyoandikwa kwa pensi, sarafu ndogo za Kiingereza, haimaanishi feki. Marvel walichapa nakala za Uingereza palepale Marekani kwa mtambo uleule, wakibadilisha bati la wino mweusi tu. Kinachopaswa kukushtua ni msimbopau, ile mistari ya supamaketi: haukuwepo kwenye majarida haya mpaka katikati ya miaka ya 70. Soma pia maandishi madogo ya mchapishaji kwenye kurasa za mwanzo, fasimili inajitaja yenyewe hapo. Na muhuri wa Comics Code Authority, mamlaka ya udhibiti iliyoanzishwa 1954 baada ya kelele za Bunge la Seneti, lazima uwepo kwenye jalada la namba 15. Kanuni hiyo msiihamishie kwa wachapishaji wote. Dell hawakujiunga na mamlaka ile, kwa hiyo majarida yao halali hayana muhuri.

Na kwa kuwa nimewataja Dell: kama mnapenda visa vya safari kuliko supahiro, nakala chakavu za Tarzan yao, iliyoanza 1948 kwa michoro ya Jesse Marsh, ni njia ya bei nafuu ya kupata karatasi hii mkononi. Afrika yake ni ya kubuni tupu, msitu mmoja usio na mwisho, na msomaji wa huku kwetu atacheka pasipokusudiwa. Lakini kuanzia namba 25 ya 1951 mna hadithi ya pembeni, Brothers of the Spear, ya wana wawili wa wafalme, mweusi na mweupe, walio ndugu kwa kiapo. Kwa Marekani ya mwaka ule, hilo lilikuwa jambo la nadra.

Nakala ya bei kubwa inunue ikiwa imefungwa ndani ya plastiki ngumu na kampuni ya kupima madaraja. CGC, walioanza kazi mwaka 2000, hupima kutoka 0.5 hadi 10. Lebo ya bluu ni ya kawaida, ya zambarau ina maana jarida limekarabatiwa. Zambarau yenye 8.0 inaweza kuuzwa chini ya bluu yenye daraja dogo zaidi, kwa hiyo tazama rangi kabla ya namba.

Ukishalipata, adui ni unyevu na joto. Kama uko Dar, Tanga au Mombasa, kabati la ukutani halifai. Ukuta unatoa jasho, pini zinaota kutu, na kutu inakula karatasi kuzunguka tundu mpaka jalada linang'oka. Tumia mfuko wa Mylar, ile plastiki angavu ya kutunzia karatasi, na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, lisimamishe wima ndani ya sanduku lenye kifuniko, weka pakiti za silika na uzibadilishe zikishiba maji. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Mifuko ya plastiki ya kawaida inafaa kwa muda, ila baada ya miaka michache inaanza kunata na kuwa njano, itupe. Utepe wa gundi usiguse karatasi kabisa. Na pini zikiota kutu, usizing'oe ukaweka mpya za stepla: kwa wapimaji, hicho tayari ni kitabu kilichoguswa.