Komenti ileile, majibu matatu: uzoefu wangu na kitufe cha kuripoti

Nimekuwa nikitumia kitufe cha kuripoti maneno ya chuki kwa zaidi ya mwaka sasa, na kilichonifikisha hapo ni mwanangu. Binti yangu ana ualbino, ana miaka tisa. Naandika haya kwa mzazi, ndugu au rafiki ambaye leo amekuta neno baya chini ya picha ya mtu wake na anajiuliza kama kuripoti kuna faida. Faida ipo, ila ni ya kubahatisha. Neno lilelile, kutoka kwa mtu yuleyule, huku linaondolewa na kule linaachwa, na hakuna anayekwambia kwa nini.

Mtandao wenyewe sitautaja. Nimekutana na hali hii kwenye mitandao miwili ya wamiliki tofauti, na sitaki mtu adhani kwamba akihama huu akaenda ule atakuwa amepona. Kanuni zao nimezisoma mstari kwa mstari. Zinakataza kumshambulia mtu kwa sababu ya rangi, kabila, dini, jinsia au ulemavu. Kama zingefuatwa vile zilivyoandikwa, nisingekuwa na la kusema.

Tarehe 13 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Siku hiyo niliweka picha ya mwanangu: kofia pana, miwani ya jua, mkononi kashika kitabu alichopewa zawadi kwa kusoma vizuri. Hongera zikamiminika. Jioni mtu nisiyemjua akaandika maneno mawili, "Dili hilo", akamalizia na emoji ya mfuko wa fedha.

Anayejua historia ya neno hilo ameshaelewa. Kwa asiyejua: watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na wameuawa kwa ajili ya biashara ya viungo hivyo, na "dili" ndilo jina walilopachikwa, yaani mtu anaonwa kama fedha inayotembea. Mashambulizi hayo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulianzisha nafasi ya mtaalamu huru wa haki za watu wenye ualbino. Sasa mtu ameandika neno hilo chini ya sura ya mtoto, mbele ya macho ya yeyote anayepita. Mikono ilikuwa inanitetemeka nilipobonyeza zile nukta tatu.

Nukta tatu, "Ripoti", kisha orodha ya sababu. Nikachagua matamshi ya chuki, nikachagua ulemavu, nikatuma. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani: komenti hii haikiuki miongozo yetu. Sekunde chache tu. Hakuna binadamu aliyesoma pale. Nikakata rufaa. Nilitafuta mahali pa kuandika maelezo, angalau sentensi moja ya kusema neno hili lina maana gani, sikupata. Unachagua sababu kutoka kwenye orodha waliyoiandaa wenyewe, basi. Kesho yake jibu likarudi vilevile: tumepitia tena, uamuzi haujabadilika.

Nilikaa nikafikiri, nikaamua kama hawataki kunisikiliza nitasema mwenyewe hadharani. Nikaandika: "Mwanangu si dili. Mwanangu si zeruzeru. Ana jina, na ana mama." Saa moja haikupita, chapisho langu likaondolewa kwa kosa la matamshi ya chuki. Nikafungiwa kuandika chochote kwa siku saba.

Mashine ilikuwa inalitambua neno "zeruzeru" kama neno la kudhalilisha, na hapo ilikuwa sahihi, kwa sababu ni neno la kudhalilisha. Lakini ililiona neno haikuona sentensi. Haikuona "si". Na "dili", neno lililobeba tishio lenyewe, ililipitisha kama mazungumzo ya kibiashara. Nilikata rufaa, siku ya tano chapisho likarudishwa, ila kifungo kikaendelea hadi siku ya saba. Muda wote huo aliyeandika "Dili hilo" alikuwa anaendelea kuandika.

Katika siku hizo za kufungiwa ndipo nilipowasiliana na wazazi wengine wawili kwa simu. Akaunti ileile ilikuwa imepita kwao pia, kwa maneno yaleyale mawili na emoji ileile. Mama mmoja aliripoti, na komenti ikaondolewa siku hiyohiyo. Baba mwingine aliripoti, akajibiwa kwamba ripoti ni nyingi na hawakuweza kuipitia ya kwake, hivyo anashauriwa kumblok mhusika. Mimi, kama nilivyosema, niliambiwa hakuna kosa. Tuliziweka picha tatu za skrini pamoja. Herufi kwa herufi, komenti ni moja. Imekiuka, haikukiuka, hatukuitazama.

Nilitaka kuelewa inakuwaje, nikasoma sana. Kwa jinsi nilivyoelewa, ripoti yako kwanza inakutana na programu iliyofundishwa kwa mifano mingi ya maneno mabaya. Lugha yenye mifano mingi inasomwa vizuri, lugha yenye mifano michache inasomwa kwa kuvizia maneno yanayojulikana. Programu ikiwa na uhakika, inaamua yenyewe. Ikiwa na shaka, inapeleka kwenye foleni ya wakaguzi, na foleni hiyo hupangwa kwa kuangalia mambo kama ukali wa kosa na jinsi chapisho linavyosambaa. Komenti ya maneno mawili chini ya picha ya mama asiye maarufu haiwezi kufika mbele. Na hata ikifika, mkaguzi ana muda mfupi sana, na huenda Kiswahili anachokijua hakina maana ile ya "dili". Wakaguzi hao sina chuki nao hata kidogo. Ni watu wanaoangalia uchafu wa dunia nzima kutwa. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wakaguzi wa Marekani walioumizwa akili na kazi hiyo.

Kilichonituliza kidogo, na kunisikitisha zaidi, ni kuona kwamba si mimi peke yangu. Nyaraka za ndani za Facebook alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, mwaka 2021 zilionyesha kwamba, kwa makadirio ya watu wake wenyewe, kampuni ilikuwa inachukulia hatua asilimia 3 hadi 5 tu ya maneno ya chuki yaliyokuwa kwenye jukwaa lake. Mwaka huohuo, baada ya fainali ya soka ya Ulaya ya Julai, wachezaji weusi wa Uingereza Rashford, Sancho na Saka waliokosa penalti walimiminiwa emoji za nyani. Watu waliripoti, baadhi wakajibiwa kwamba hakuna kosa. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alikuja kukiri kwamba mfumo wao ulikosea na kuziona baadhi ya komenti hizo kuwa za kawaida. Kama mchezaji anayejulikana dunia nzima, kwa Kiingereza, alikosewa hivyo, mtoto wangu atakuwa wapi?

Kwa Kiswahili kuna jaribio moja ambalo kila msemaji wa lugha hii anapaswa kulijua. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha Facebook matangazo yenye matamshi ya chuki na uchochezi wa mauaji ya kikabila, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kiingereza. Yalikuwa ya kujaribu mfumo tu, hayakuachwa yaonekane kwa umma. Ya Kiswahili yalipitishwa. Ya Kiingereza, machache yalirudishwa kwanza kwa sababu ya sarufi na matusi, na yaliporekebishwa yakapita. Nilisoma hilo mara mbili. Sarufi ilionekana, mauaji hayakuonekana.

Na lile la kufungiwa kwa kulaani chuki nalo lina mfano wake. Mwaka 2021 msanii mmoja wa jamii za wenyeji wa Amerika Kaskazini aliweka Facebook kazi yake ya mkono iliyobeba kaulimbiu ya zamani ya kuangamiza watu wake, kwa lengo la kuwakumbuka watoto waliofia shule za bweni walikopelekwa kwa nguvu ili waachane na utamaduni wao. Ikaondolewa kama chuki, na rufaa ikakataliwa. Ni pale Bodi ya Usimamizi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, yaani bodi inayopitia upya maamuzi yake ya kuondoa au kuacha machapisho, ilipoichukua kesi hiyo ndipo kampuni ikakubali kwamba ilikosea. Kanuni zao zinaruhusu kulitaja neno la chuki ili kulilaani. Mkaguzi wa kwanza aliikosa ruhusa hiyo, wa pili akaikosa pia. Nimejiona mwenyewe ndani ya kisa hicho.

Halafu kuna suala la nani anatazamwa. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua mpango wa XCheck wa Facebook, ambao machapisho ya watu mashuhuri yalipata mapitio ya ziada kabla ya kuondolewa. Kufikia mwaka 2020 mpango huo ulikuwa na watumiaji wasiopungua milioni 5.8. Sina kinyongo na mtu mashuhuri kusomwa mara mbili. Nataka mwanangu asomwe walau mara moja.

Nisiwe wa kulalamika tu, maana vipo vilivyonisaidia.

Chujio la maneno ndicho kitu bora kuliko vyote. Lipo kwenye mipangilio, unaandika maneno usiyotaka, na komenti yenye neno hilo inafichwa kabla hujaiona. Mimi nimeweka "dili", "madili", "d1li", "zeru", "zeruzeru", "bei gani", "anauzwa", na ile emoji ya mfuko wa fedha. Linafanya kazi papo hapo na halihitaji kumbembeleza mtu. Kuna siku lilificha komenti ya rafiki yangu aliyekuwa anauliza habari za dili la vitabu, nikamweleza, akaelewa. Udhaifu wake ni kwamba linanikinga mimi tu. Akaunti ile inaendelea kwa wengine.

La pili, aina ya sababu unayochagua ina uzito. Kwenye daftari langu la ripoti, na ninaandika kila ripoti, tarehe, kiungo na jibu, zile nilizotuma kama "vitisho" zimeondolewa mara nyingi kuliko zile nilizotuma kama "matamshi ya chuki", hata pale maneno yalipofanana. Neno la kumwita mtu mali ya kuuza ni tishio, kwa hiyo sidanganyi ninapochagua hivyo. Lakini inanikera kwamba hatima ya ripoti inategemea mama aliyechanganyikiwa kuchagua mstari sahihi kwenye orodha saa nne usiku.

La tatu, piga picha ya skrini kabla ya kuripoti. Jina la akaunti lionekane, tarehe ionekane, na unakili kiungo cha komenti yenyewe. Ikiondolewa, nawe huna tena ushahidi wa kupeleka polisi. Nimejifunza hilo kwa kuumia. Na usiwahamasishe watu mia waripoti kwa pamoja ukidhani wingi utashinda. Kwangu haukuongeza kitu.

Wasiwasi wangu wa sasa ni kwamba mzigo unazidi kuegemea kwa anayeripoti. Januari 2025 Meta ilitangaza kwamba mifumo yake ya kujiendesha italenga makosa makubwa, na kwa makosa inayoyaona madogo itasubiri mtu aripoti ndipo ichukue hatua. Sasa "Dili hilo" likisomwa na mashine litawekwa kundi gani, kubwa au dogo? Mimi nalijua. Mashine imeshaonyesha kwamba hailijui.

Ninachokitamani kipo tayari kwa watu wengine. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inayataka majukwaa yampe sababu mtu ambaye chapisho lake limeondolewa, yaweke njia ya kulalamika, na malalamiko yasiamuliwe na mashine peke yake. Faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya kampuni ya mwaka kote duniani. Programu ni ileile niliyo nayo kwenye simu yangu. Kisanduku cha kuandika sentensi moja ya maelezo kingetosha kuanzia, pamoja na msomaji mmoja anayekijua Kiswahili cha mtaani na maana zake zilizofichika.

Alama zangu: chujio la maneno nyota nne, kitufe cha kuripoti nyota moja na nusu. Hiyo nusu ni ya yule mama ambaye komenti yake iliondolewa, kwa sababu mahali fulani kuna mtu, au mashine, iliyosoma sawasawa siku ile.

Picha ya mwanangu haikuondoka. Tulizungumza, akasema ibaki kwa sababu kitabu kinaonekana vizuri. Komenti ya kwangu niliificha mwenyewe. Ile iliyo chini ya picha ya mtoto wa yule baba, nimeiangalia asubuhi ya leo. Bado ipo. Nimeiripoti tena, safari hii chini ya vitisho, na ukurasa wa ripoti unaandika "Inapitiwa".