Sakafu ya miba ya samaki: fundi wa Wete aliyetutandikia ukumbi Chake Chake

Mwenye ukumbi mwembamba, kama zilivyo kumbi nyingi za kwetu Pemba, na anatamani sakafu ya miba ya samaki, aiweke. Ila amtafute fundi kabla hajatafuta kigae. Nasema hivi baada ya kutandikiwa ukumbi wetu hapa Machomanne, Chake Chake, na fundi kijana wa Wete ambaye kazi yake ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumuomba ruhusa ya kumtangaza. Anayemhitaji kwa dhati aniulize, nitamfikisha.

Mtindo wenyewe wengi mmeshauona. Vigae vyembamba hulazwa mshazari, kichwa cha kimoja kinagota ubavuni mwa mwenziwe, na ukisimama mlangoni unaona uti wa changu aliyekwisha kuliwa umelala kutoka mwanzo wa chumba hadi mwisho. Kila kigae kinabaki na pembe zake nne kamili, hakikatwi mpaka kifike ukutani. Kuna mtindo mwengine wa jirani yake ambao ncha za vigae hukatwa mshazari tangu kiwandani, zikakutana kwenye mstari mmoja mnyoofu, V juu ya V. Madukani huchanganywa sana. Mwambie muuzaji avipange vinne vitano chini mbele yako, usikubali picha ya kwenye simu yake, kwani hivyo vilivyokatwa ncha havirudi nyuma: ukishavinunua, miba ya samaki huipati tena.

Vigae tulivinunua mjini Unguja. Chake nilizunguka nikakuta vya 40 kwa 40 na vya 60 kwa 60, karibu vyote vya kung'ara. Nilitaka sentimita 15 kwa 60, rangi ya mchanga, visivyo na mng'ao. Mng'ao nilikuwa na sababu ya kuukataa. Ukumbi wetu unapata mwanga kutoka mlango mmoja wa mbele, na kigae cha kung'ara kikipigwa na mwanga wa upande mmoja kinageuka kioo: unaona mlango umelala chini, mpango wa vigae huuoni tena. Na wakati wa masika, mtu akiingia na miguu mibichi, kinateleza. Vile vyenye sura ya mbao sikuvitaka pia. Mbao bandia ikipangwa mshazari, michirizi yake inagombana na mistari ya mpango wenyewe, jicho halijui lifuate nini.

Duka la kwanza tulilolikabili, kwenye njia ya Amani, muuzaji alikuwa hodari wa maneno na mzito wa kufungua boksi. Nilimuomba anisomee alama zilizopigwa ubavuni, akasema ni zile zile zote. Hazikuwa zile zile. Vigae huchomwa kwa mikupuo, na kila mkupuo hutoka na rangi yake na kipimo chake, tofauti yake pengine milimita moja tu. Ndiyo maana boksi huandikwa alama ya rangi na alama ya kipimo. Katika sakafu ya mistari ya kawaida fundi anaweza kuificha hiyo milimita kwa grauti, ule ujazo wa katikati ya vigae. Katika miba ya samaki kila kigae kimemuegemea mwenziwe, kwa hiyo milimita inasafiri, na ukifika katikati ya chumba uti umeshapinda. Tulikwenda duka la pili, tukapata mkupuo mmoja wa kutosha, nikazipiga picha alama zote kabla ya kulipa.

Ukumbi wetu ni mita 3 kwa 6.5, yaani mita za mraba 19 na nusu. Kwa kutandika kwa kawaida watu huongeza asilimia 10 ya vigae vya kuharibika. Kwa mpango huu ongeza asilimia 15, kwa sababu kila kigae cha ukutani hukatwa mshazari na kipande kinachobaki mara nyingi hakina kazi. Tulinunua mita 23. Kwa sisi tunaovuka maji nashauri usipunguze hata kidogo. Mzigo unashushwa Mkoani, unapandishwa gari, vingine vinafika vimemeguka pembe, na ukipungukiwa na vigae vitatu utangoja boti, kisha uombe Mungu mkupuo ule bado upo dukani.

Sasa fundi. Alikuja mara ya kwanza na uzi, guniya ya kupimia pembe na pima maji, bila mwiko. Akapima pembe nne za ukumbi na kukuta ukuta wa uani umetanuka sentimita 4 kuliko wa mbele. Nyumba ni ya zamani, kuta zake ni za mawe na chokaa zilizoongezewa matofali baadaye, sikushangaa. Mume wangu akamwambia aanzie ukutani kama mafundi wote wanavyofanya.

"Ukuta huu usiuamini, mzee," akamjibu kwa adabu. "Mgeni akiingia hatazami ukuta, anatazama katikati ya mlango."

Akapiga mstari wa rangi kutoka katikati ya mlango wa mbele hadi katikati ya mlango wa uani, kisha akapanga vigae vikavu, bila gundi, karibu nusu ya chumba. Alivipanga, akavisogeza vidole viwili kushoto, akavipanga tena, mpaka uti ukaangukia juu ya mstari na vipande vya ukutani vikawa sawa kulia na kushoto. Siku nzima ilikwisha na hakuna kigae kilichobandikwa. Mume wangu alinung'unika, mimi nilifurahi. Nimeona sakafu mbili za mtindo huu hapa hapa Chake ambazo fundi alianzia kona, na zote mbili zimefika mlangoni na kipembe cha vidole vitatu upande mmoja na kigae karibu kizima upande wa pili. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona.

Mama yangu, ambaye amesuka mikeka tangu usichana wake, alikuwa barazani na ukili wake, ule msuko mrefu unaoshonwa ukawa mkeka. Aliingia akatazama vile vigae vikavu, akamuuliza, "Mwanangu, umeanzia wapi?" Fundi akamuonesha. Mama akarudi kwenye ukili wake bila ya neno la pili, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Ukili nao hupandishwa mshazari, chane juu ya chane, na mwanzo ukikaa upogo shupatu lote linakwenda upogo. Nadhani ndiyo maana mpango huu haukutuonea ugeni nyumbani. Tumeukalia miaka yote.

Na kukaliwa ndiyo hoja yangu kubwa. Picha nyingi za sakafu hizi zinaonesha makochi na zulia, sakafu inachungulia pembeni. Kwetu ukumbi una viti vichache vilivyosogezwa ukutani. Hitma inasomwa chini, futari inaliwa chini, wanawake wakija kupeana pole wanakaa chini, na katikati kote ni kweupe. Sakafu inatazamwa kwa karibu, na mtu aliyekaa, kwa muda mrefu. Kwa hiyo kosa dogo linaonekana, na kazi nzuri nayo inaonekana. Kigae kikiwa kimenyanyuka unywele mmoja kuliko mwenziwe, mguu mtupu unakijua kabla ya jicho. Vigae virefu huwa na tumbo kidogo katikati, na katika mpango huu ncha ya kimoja inagota ubavu wa kingine, basi vile vya mita na zaidi hunyanyuka kwa urahisi. Sentimita 60 ndio mwisho ambao ningeukubali kwa ukumbi kama wetu, na ningepata 40 ningechukua 40.

Kabla ya kubandika aliigongagonga niru ya zamani, ule mpako laini wa sakafu, kwa patasi mpaka ikawa na vidonda mwili mzima, ili gundi ishike. Baada ya gundi kukauka alipita na sarafu akigonga kigae kimoja kimoja. Viwili vililia uvungu, akavibandua mwenyewe bila kuambiwa na kuvirudishia. Mafundi wengi hapo wangepaka grauti na kudai pesa zao.

Miba aliielekeza kwenye mlango wa uani, kwa urefu wa chumba, nami nilikubaliana naye. Ukumbi umezidi kuonekana mrefu, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa uani. Wifi yangu wa Wete aliilaza kwa mapana, kwa sababu chumba chake ni kifupi na alitaka kionekane kimetanuka, na kwake imependeza. Pembeni mwa kuta tuliacha mkanda wa kigae kimoja kilichonyooka, kama pindo la kanga. Mkanda ule ndio uliozificha zile sentimita 4 za ukuta.

Nasomesha Historia skuli, basi mnivumilie na hili. Warumi walitandika sakafu za matofali kwa mpango huu huu. Na Filippo Brunelleschi, alipojenga kuba la kanisa kuu la Florence kati ya 1420 na 1436, aliyasimamisha baadhi ya matofali katikati ya yaliyolala, yakapanda yakizunguka kwa mshazari, ili yashikane na yasiteleze kabla ya chokaa kukauka. Nilimuonesha fundi picha kwenye simu, akaikuza, akaitazama muda mrefu. Mafundi wa pevingi, yale matofali ya kutandika nje, nao wanaijua nguvu hiyo: uwanja unaopita gari wanaulaza miba ya samaki, maana gurudumu likikata kona matofali hayasogei. Ukumbini hatuna gari. Ndani ya nyumba mpango huu unalipiwa kwa ajili ya uzuri wake tu, na mtu aingie akijua hivyo.

Anatoza shilingi 12,000 kwa mita ya mraba; kwa mistari ya kawaida huchukua 7,000. Naiona ni bei ya haki ukizingatia mikato ile yote na ile siku ya kupanga vikavu.

Kuna mambo ambayo hayakunipendeza. Alikata vigae kwa grainda kavu ndani ya uwa, bila maji na bila kutundika hata shuka, na vumbi jeupe likaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Nilipomwambia akaanza kumwagia maji, lakini tayari nilikuwa na kazi ya kuosha nyumba nzima. Pia anafanya kazi na saidia fundi mmoja tu, na umeme ukikatika anakaa, hana mashine ya mkono ya kukatia. Mwenye shughuli ya harusi wiki ijayo asimuite.

La grauti ni kubwa zaidi. Alichagua nyeupe karibu na maziwa, akisema itaipa sakafu usafi. Mlangoni, pale panapokanyagwa na udongo wetu mwekundu, ilianza kugeuka kabla masika hayajaisha, na kudeki hakukusaidia. Alirudi, akaikwangua yote ya sehemu ile na kuweka ya rangi ya udongo mkavu, akanidai bei ya grauti peke yake. Sasa inafanana zaidi na kigae, na mpango umetulia. Ile nyeupe ilikuwa inapiga kelele kila mstari. Kwa Pemba, chagua grauti inayokaribiana na kigae chako na iliyokoza kidogo, khasa hatua mbili tatu za kwanza kutoka mlangoni.

Alitaka kutuwekea miba ya samaki ukutani jikoni pia, nyuma ya jiko, kwa vigae vidogo. Nilikataa. Wifi anavyo, na kila anapokaanga samaki mafuta yanapata mapengo mamia ya kujifichia, na manjano yakishaingia kwenye grauti hayatoki kwa sabuni yoyote niliyoijaribu kwake. Halafu sakafu na ukuta vikiwa na mshazari pamoja, chumba hakina pa kupumzisha macho. Sehemu moja inatosha kwa nyumba moja.

Mikeka nayo ilibidi tuipange upya. Ile ya rangi, yenye zambarau na kijani, inagombana na sakafu, tumeihamishia vyumbani. Ukumbini tunatandika ya ukindu mtupu, isiyotiwa rangi, na hapo mambo yanakubaliana vizuri mno.

Vigae vilivyobaki tumevihifadhi chini ya kitanda pamoja na kipande cha boksi chenye alama. Fundi kwa sasa ana kazi Konde, na baada ya Idi anasema ana nafasi. Sharti lake ni vigae na gundi viwe vimeshafika nyumbani kabla hajaja kupiga mstari, na siku hiyo hiyo anachukua nusu ya malipo.