Adapta Hii Ilinifanya Niitoboe Diski ya Dada Yangu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe lilitokea majuma kadhaa yaliyopita. Adapta hii ya kuunganisha diski za SATA, yaani zile zinazochomekwa ndani ya kompyuta kwa muunganisho wa SATA, na soketi ya USB niliinunua kwa sababu moja tu: boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inafaa kwa kupima diski. Sikuhitaji kasi, wala kasha la kupendeza mezani. Nilihitaji kifaa cha kuniambia ukweli kuhusu diski ninazoletewa na ndugu na jamaa, nijue ipi bado inafaa na ipi imekwisha.

Diski ya kwanza kuipima ilikuwa ya dada yangu, ya inchi 2.5, iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato yake ya zamani. Nilipoichomeka ilizunguka kidogo, ikagonga, ikanyamaza, kisha ikaanza upya kuzunguka na kugonga. Mtu yeyote aliyewahi kushughulika na diski zinazozunguka anaifahamu sauti hiyo na anajua tafsiri yake ya kawaida, yaani kichwa cha kusomea kimeharibika. Nilijaribu soketi nyingine, nikajaribu na kompyuta nyingine, mambo yakawa yale yale. Nilimpigia dada simu nikamwambia kwamba picha zake zimepotea, naye akaniomba jambo moja tu, kwamba diski hiyo isije ikaangukia mikononi mwa mtu mwingine. Basi nikaitoboa kwa keekee, matundu matatu, kama ninavyozifanyia diski zote zilizokufa.

Baada ya siku chache nilichomoa diski ya kompyuta yangu mwenyewe, ambayo asubuhi ile ile nilikuwa nimeifanyia kazi bila tatizo lolote, nikaiunganisha na adapta ile ile. Ikagonga vivyo hivyo. Niliirudisha mahali pake kwenye ubao mama, ikawaka mara moja na mafaili yote yakawepo. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia wakati ule, nikiitazama diski ya dada iliyotobolewa ikiwa bado juu ya meza.

Chanzo kilikuwa umeme, wala hakikuwa kitu cha kuhitaji utaalamu mkubwa. Soketi ya kawaida ya USB 2.0 inatakiwa kutoa hadi miliampea 500 kwa volti 5, na ile ya USB 3.0 hadi miliampea 900, ilhali diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzungusha sahani zake huweza kuhitaji karibu ampea nzima kwa sekunde chache. Kebo ya adapta hii ni nyembamba, hivyo hata umeme uliopo unapungua nguvu njiani, na kifaa chenyewe hakina tundu la kuchomekea umeme wa ziada. Diski ikikosa nguvu ya kufikia mwendo wake, hukata tamaa na kuanza upya, na sikio la binadamu haliwezi kutofautisha mlio huo wa kugonga na ule wa diski iliyovunjika ndani. Diski za inchi 3.5 sizitaji hata kidogo, maana hizo zinahitaji pia volti 12, ambazo soketi kama hizo hazitoi.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamweleza yote haya na kumwomba angalau aweke onyo kwenye boksi. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili: kwamba kifaa hakina kasoro, na kwamba mtu asiyejua kazi asilaumu vifaa vya watu. Hakuuliza diski ilikuwa ya aina gani wala ilikuwa na nini ndani. Jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe, na sitajifanya kwamba halikuathiri ninachoandika hapa.

Hata hivyo nataka kutenda haki. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba adapta hii isinunuliwe na mtu yeyote, lakini baadaye niliichomekea SSD, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka wala mota, na ikafanya kazi vizuri, ikanakili mafaili kwa saa kadhaa bila kukatika. Vilevile siwezi kuapa kwamba diski ya dada ilikuwa nzima, kwa kuwa matundu matatu yameufunga mjadala huo milele. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba inawafaa wenye SSD, na kuyamaliza hapo.

Ndipo nilipojaribu kusoma kupitia adapta taarifa za SMART za SSD hiyo hiyo, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Hakuna kilichorudi. Nililazimisha njia ya SAT, ya kuzipitisha amri za diski za SATA kwenye USB, ambayo chipu nyingi za kuunganisha USB na SATA huielewa, na bado programu ikanijibu kwamba kifaa hakitambuliki. Anayepima diski bila SMART hapimi chochote. Hawezi kuona sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika, ambazo huhesabiwa kwenye namba 5 ya orodha ya SMART, wala sekta zinazosubiri uamuzi, namba 197, wala makosa ya mawasiliano ya namba 199, ambayo mara nyingi humwonyesha mtu kwamba tatizo liko kwenye kebo na si kwenye diski. Naondoa basi ule upole wa aya iliyotangulia. Kifaa hiki kinawafaa wanaohamisha mafaili. Anayekiita kifaa cha kupimia anawadanganya watu.

Sasa natumia kituo cha kuchomekea diski chenye adapta yake ya umeme wa volti 12, na hicho hunipa SMART yote bila kusumbua. Nacho hakijakamilika, kwa kuwa hulaza diski baada ya muda wa kutotumika na kulikatiza jaribio refu, ambalo diski hulifanya yenyewe ndani kwa ndani kwa saa nyingi, kana kwamba hakuna kazi inayoendelea. Nimelazimika kuiomba diski taarifa kila baada ya dakika chache ili isilale. Kero hiyo naivumilia, kwa sababu jaribio likikatizwa, diski huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba limekatizwa, nami najua la kufanya.

Jana nimemwandikia tena yule muuzaji. Safari hii sikudai fidia wala kumkumbusha maneno yake. Nimemwomba tu afute neno "kupima" kwenye boksi. Hajajibu.