Usiku mmoja mashambani Japani: ulale wapi, ule nini, ulipe kiasi gani

Ukishuka treni kwenye mji mdogo wa Japani saa moja na nusu usiku, njaa inakuuma, utapata shida. Mkahawa wa tambi ulifunga saa nane mchana, basi la mwisho limeshaondoka, na baa iliyo wazi ina menyu ya mwandiko wa mkono iliyobandikwa ukutani. Tumaini lako ni duka la saa ishirini na nne, kama mji wenyewe unalo. Kwa hiyo anayepanga kwenda huko aanze kuuliza chakula cha jioni kitatoka wapi. Kitanda kitajipanga chenyewe baadaye.

Nawaandikia wenye siku chache za kutoroka Tokyo au Osaka: mwanafunzi wa ABE Initiative (ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika) aliye likizo, mfanyabiashara wa magari aliyemaliza shughuli zake Yokohama, wanandoa waliojichanga mwaka mzima. Nimepanga aina za malazi kuanzia ile ambayo ningelipia kwanza.

Kabla ya yote, elewa bei zao. Nyumba za wageni za kienyeji hutoza kwa kichwa, na bei hiyo kwa kawaida huwa na chakula cha jioni na cha asubuhi ndani yake. Ukiona yeni 12,000, mkiwa wawili andaeni 24,000, hata kama chumba ni kimoja. Wengi huilinganisha na bei ya hoteli ya kawaida wakadhani wanapigwa. Toa thamani ya milo miwili ya kushiba, ndipo ulinganishe. Kwenye maji moto ya asili huongezwa kodi ya kuoga, mara nyingi yeni 150 kwa mtu. Bakshishi haipo, ukiacha hela mezani watakukimbilia nayo barabarani.

Ya kwanza: nyumba ya familia, minshuku

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Minshuku ni nyumba ya watu waliotenga vyumba kwa ajili ya wageni. Unalala kwenye godoro la chini juu ya mikeka, choo na bafu mnatumia pamoja, na mlango ni wa karatasi wa kusukuma, kwa hiyo mkoromo wa jirani utausikia. Tarajia yeni 9,000 hadi 15,000 kwa kichwa pamoja na milo miwili.

Mahali pa kuanzia ni Ogimachi, kijiji kikubwa cha Shirakawa-go mkoani Gifu. Nyumba zake za gassho zina paa refu la nyasi, lenye mteremko mkali ili theluji isilemee. Pamoja na vijiji vya Gokayama vilivyo jirani, ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1995. Treni haifiki; unapanda basi kutoka Takayama, kama dakika 50. Mchana kijiji kinafurika watalii hadi kupita ni kusukumana. Alasiri mabasi yanaondoka nao, na waliolipia kulala wanabaki kutembea kwa nafasi. Hiyo peke yake inatosha kuhalalisha bei.

Chakula huandaliwa saa kumi na mbili jioni. Utakuta samaki wa mtoni aliyechomwa mzima kwa chumvi, mboga za mlimani, achari, wali, na jiko dogo lenye jani kubwa kavu la magnolia juu yake. Juu ya jani kuna miso, rojo ya soya iliyochachushwa, iliyochanganywa na kitunguu majani na uyoga, pengine na vipande vya nyama ya ng'ombe wa Hida, eneo hili la milima. Miso inaanza kutokota kingoni, jani linageuka jeusi pembeni na kutoa harufu ya kuni, nawe unakoroga taratibu kwa vijiti. Usiile kama mchuzi. Ina chumvi kali. Donge dogo linamaliza bakuli la wali. Asubuhi jani linaweza kurudi tena mezani, safari hii bila nyama.

Kasoro zake: nyumba hizi ni chache na hujaa miezi mapema, hasa wakati wa theluji na wa majani mekundu. Pia si pa kwenda ikiwa unataka faragha au unapenda kuchelewa kulala.

Ukikosa Shirakawa-go, nenda bonde la Kiso. Kati ya Magome na Tsumago kuna kipande cha Nakasendo, barabara ya kale iliyounganisha Kyoto na Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Ni kilomita 8 hivi, mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa miguu, na njiani kuna kengele za kugonga ili dubu wasikie unakuja. Kuanzia Magome kuna mteremko mwingi kuliko kupanda, kwa hiyo anzia huko. Katikati ya njia kuna nyumba ya mapumziko ambapo hukaribishwa chai bila malipo. Katika msimu wa matembezi, ofisi za utalii za pande zote mbili husafirisha begi lako kwa ada ndogo. Kwa njaa ya njiani kuna gohei mochi: wali uliopondwa, ukashikizwa kwenye kijiti, ukapakwa mchuzi wa miso na jozi kisha ukachomwa mkaani. Mmoja hautoshi.

Ya pili: ryokan ya maji moto, kwa siku maalumu

Ryokan ni nyumba ya wageni ya jadi ya daraja la juu. Unahudumiwa, unavaa yukata, vazi jepesi la pamba la kufunga mkanda, na chakula kinaletwa sahani moja baada ya nyingine. Bei ni kuanzia yeni 15,000 hadi zaidi ya 30,000 kwa kichwa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya mfuko tu. Kwa fungate ingekuwa ya kwanza.

Mji ningeuchagua ni Kinosaki Onsen, mkoa wa Hyogo, kama saa mbili na nusu kwa treni ya haraka kutoka Kyoto. Mji huu unajulikana kwa mabafu yake saba ya umma, na anayelala hapo hupewa pasi ya kuyaingia bure. Jioni wageni wanatoka wamevaa yukata na viatu vya mbao, kwa-kwa-kwa kando ya mfereji, wakihama bafu moja hadi jingine. Kila bafu lina siku yake ya kufunga, basi uliza mapema. Wenye tatuu, ambao mabafu mengi ya Japani huwafukuza, hapa wanaingia.

Bei inategemea kaa. Kuanzia Novemba hadi Machi ni msimu wa kaa wa matsuba, na mlo wa kaa mtupu unapandisha gharama vibaya sana. Kama huna hamu naye, njoo miezi mingine ule nyama ya ng'ombe wa Tajima. Ukoo huo ndio unaotoa nyama ya Kobe inayotajwa duniani kote, na kwao ndiko hapa.

Sasa suala la kuvua nguo. Bafu la umma unaingia mtupu, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kujisugua kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kigoda. Asiyeweza, kwa dini au kwa haya tu, atafute ryokan yenye bafu la faragha la kukodi, mnaingia wenyewe na kufunga mlango. Hakikisha kabla ya kulipa, maana bila bafu utakuwa umenunua nusu ya huduma.

Ya tatu: hekalu la Koyasan

Kwa asiyekula nyama, panda hii hadi namba moja. Koyasan ni mji wa mahekalu juu ya mlima mkoani Wakayama, ulioanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816. Mahekalu yapo 117, na zaidi ya 50 hupokea wageni wa kulala. Chakula chao hakina nyama, samaki, kitunguu wala kitunguu saumu. Utapata tofu ya ufuta, laini ya kunata kidogo, na tofu ya soya (kama jibini la maharage) iliyogandishwa ikakaushwa, kisha ikapikwa hadi ikanywa mchuzi wote. Cha kuchekesha ni kwamba mahekalu mengi yanakuuzia bia.

Kutoka stesheni ya Namba, Osaka, unapanda treni ya Nankai hadi Gokurakubashi, halafu treni ya kamba, halafu basi. Ibada ni alfajiri, na kwa kawaida mgeni halazimishwi. Kitu cha kufanya ni kutembea Okunoin, makaburi ya kilomita 2 chini ya mierezi mirefu, yenye makaburi zaidi ya 200,000. Kuna baridi kuliko Osaka hata kiangazi, beba sweta.

Ya nne: hoteli ya stesheni, chakula ujitafutie

Yeni 6,000 hadi 10,000 kwa chumba, kitanda kidogo, bafu dogo, hakuna maneno. Inafaa kwa aliye peke yake, kwa sababu ryokan nyingi hazipendi kutoa chumba kwa mtu mmoja. Sharti lake ni mji wenye migahawa. Takayama inatimiza: kuna masoko mawili ya asubuhi, moja kando ya mto Miyagawa, na mtaa wa zamani wa Sanmachi unauza nyama ya Hida juu ya tonge la wali, sahani yake ni mkate mkavu wa mchele unaoula pia. Kitakata, mkoa wa Fukushima, watu hunywa rameni, supu ya tambi, asubuhi kabla ya kazi, lakini mchuzi wake una kitimoto.

Ya mwisho: kulala mjini, kwenda na kurudi

Sikushauri. Pasi ya reli ya JR ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na ukirudi jioni unakosa chakula cha usiku, ambacho ndicho kilichokupeleka.

Chakula cha mchana

Hiki kinunue popote, kwa bei rahisi. Hakuna kwa kunipendeza kama Kagawa kwenye kisiwa cha Shikoku, kwenye vibanda vya kujihudumia vya udon, tambi nene za ngano. Unachukua sinia, unataja ukubwa wa bakuli, unaongeza tempura (vitu vya kukaangwa kwa unga), unalipa yeni mia chache, kisha unajimwagia kitunguu majani na tangawizi. Mchuzi hutengenezwa kwa samaki wadogo wakavu, binamu wa dagaa wetu, na harufu inakujulisha hivyo tangu mlangoni. Fika kabla ya saa saba mchana. Tambi zikiisha wanafunga. Kisha nenda mji wa Kotohira, mkoani humo humo, ukayeyushe shibe kwenye ngazi 785 za hekalu la Konpira.

Ouchi-juku, huko Fukushima, wanakuletea tambi za soba na liki moja nzima badala ya vijiti. Unaivuta tambi kwa mpindo wake, unang'ata liki kidogo kidogo. Nusu ya soba inarudi bakulini, na macho yanawasha. Jaribu mara moja, halafu omba vijiti.

Mwenye gari asimame kwenye vituo vya barabarani viitwavyo michi-no-eki. Vilianza rasmi mwaka 1993 na sasa vimepita 1,200. Mkulima huleta mboga zake mwenyewe, na mara nyingi jina lake limebandikwa kwenye mfuko. Tonge za wali za hapo zinashinda za dukani.

Wakati wa kuweka nafasi

Sema usichokula siku ile ile unapoweka nafasi. Ukisubiri hadi mezani, mpishi ameshanunua vitu tangu asubuhi. Muislamu asiishie kwenye nguruwe. Ataje pia mafuta yake, sake (pombe ya mchele), na mirin, ile pombe tamu ya kupikia inayojificha kwenye michuzi mingi, hata ya mboga na hata hekaluni. Wakijibu hawawezi, shukuru na utafute pengine.

Beba pesa taslimu. Minshuku nyingi hazipokei kadi, na mashine ya fedha inayokubali kadi za nje utaipata kwenye maduka ya 7-Eleven au posta, ambayo vijijini hufunga mapema. Mwisho, andika saa utakayofika. Kama treni imechelewa, piga simu kabla ya saa kumi na moja jioni, maana wenyeji wako wanaanza kuchoma samaki muda huo.